Blauzi Isiyoshonwa

Wairimu aliikuta blauzi kwenye kiti cha jikoni, imechanika kutoka kola mpaka karibu na titi la kushoto, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akaishona.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku Ghuba, bado umelala. Siku nyingine Wairimu hufika katika jengo hili na gari la kampuni ya usafi, akiwa na ndoo na dawa za kusugulia. Leo alikuwa na mapumziko, na alikuwa ameacha ibada ya kanisani Mesaimeer, ambayo huku huwa Ijumaa, ili aje kumwona Madam Naomi, mwalimu wa kemia wa ghorofa ya tatu. Silvesta, soja wa mlangoni, ndiye aliyempasha habari. Mwalimu amefiwa na baba yake huko Leeds, Uingereza, na hakwenda kuzika. Mkubwa wa shule, ambaye ndiye husaini ruhusa ya mtu kutoka nchini, alikuwa safarini na simu amezima. Huko Leeds nako hawakungoja. Mzee alikufa Jumatano, Alhamisi wakamzika. Binti yake aliyatazama mazishi kwenye simu, amesimama dirishani ambapo mtandao unashika.

"Kesho yake tu?" Wairimu alikuwa ameuliza. "Hata mochari hakulala vizuri?"

"Ndio nakushow," Silvesta akasema. "Hawa wazungu wana haraka."

Kwao Kinangop, babu yake Wairimu alipokufa, watu walijaa uani wiki mbili nzima, wakaimba mpaka majirani wasiompenda marehemu wakajikuta wanalia. Mtu kufiwa na kujifungia peke yake lilikuwa jambo ambalo Wairimu hakuweza kulibeba. Alhamisi hiyo hiyo alituma ujumbe wa sauti kwa watu wake: kesho alasiri tukutane kwa mwalimu, tumkalie matanga. Fatuma wa Unguja, mpishi katika hoteli moja ya mjini, akajibu kwamba pilau ni juu yake. Twaha wa Tanga, dereva wa basi la shule, akajibu kwamba yeye ndiye humpeleka Madam kazini kila siku, atakosaje.

Mlango Wairimu aliukuta haujafungwa, na Madam alikuwa amelala sebuleni, juu ya mito ya kochi aliyoitandaza sakafuni, kana kwamba kochi lenyewe limemkosea. Kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa shuka. Kimepasuka, Wairimu akawaza, atakuwa amekigonga kwa uchungu. Akakaa jikoni na sindano. Alikuwa amesomea ushonaji katika chuo cha ufundi kabla hajaja Ghuba kusugua vyoo, na mshono wake wa kufichia ungeweza kumdanganya fundi mwenzake. Alipomaliza, aliinyoosha blauzi kwa kiganja na kuridhika.

Naomi aliingia jikoni nywele zimesimama. Akaitazama blauzi, akaishika penye kola, akaipitisha kidole.

"Umeishona."

"Ndiyo, Madam. Haionekani hata."

Naomi aliivaa juu ya fulana yake. Kisha akashika kola kwa mikono miwili na kuvuta. Haikukubali. Mshono ulikuwa mzuri. Alivuta tena, uso umekunjamana, mwishowe akauma uzi kwa meno, na kitambaa kikaachia kwa sauti ndefu kavu. Wairimu alikuwa amesharudi nyuma mpaka kwenye friji.

"Samahani," Naomi akasema. "Kazi yako ni nzuri sana. Lakini hii haipaswi kushonwa. Niliichana mwenyewe, kwa ajili ya baba. Kwetu mzazi akifa unachana nguo upande wa moyo, unakaa chini siku saba, na watu huja kukaa nawe."

"Na kioo?"

"Kinafunikwa. Si wakati wa kujitazama."

Wairimu alifikiria hayo yote, akayaweka pamoja na mambo mengine aliyokuwa ameyaona katika nyumba hii kwa miaka miwili. "Madam, si wewe ni Msabato?"

"Msabato ni nani?"

"Wanaosali Jumamosi. Nguruwe hawagusi. Na jina lako Naomi. Nilipiga hesabu ikatoka."

Naomi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichotoka bila kuombwa. "Ulikaribia," akasema. Akaitazama sakafu. "Mimi ni Myahudi, Wairimu."

Wayahudi aliowajua Wairimu, wengi walikuwa ndani ya Biblia, wamevaa kanzu na makubadhi, na walikuwa wamekufa zamani sana. Wengine walikuwa kwenye taarifa ya habari, wamevaa helmeti. Hakuwahi kufikiria kwamba mmoja wao angeweza kutoka mji wa mvua unaoitwa Leeds, akafundisha kemia, akawa kila wiki anamuuliza kama ameiona chaja ya simu.

"Mbona hukuniambia? Kuna mtu hapa alikukataza kusema?"

"Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyeuliza." Naomi alikaa chini kabisa, mgongo kwenye kabati la sahani. "Nilianza kunyamaza nyumbani, kabla sijapanda ndege yoyote. Nilikuwa na mkufu wenye nyota. Kwenye basi la shule nilikuwa nautumbukiza ndani ya shati, nikifika nyumbani naurudisha nje. Baadaye nikachoka kuurudisha."

"Walikuwa wanakupiga?"

"Hapana. Ndiyo shida ya kueleza. Hawakunipiga." Alifikiri. "Kazi yangu ya kwanza, walimu walikuwa na chama cha chai. Siku ya pili tu wakaniteua mweka hazina. Nikauliza kwa nini mimi, sijui hata kurudisha chenji. Mmoja akasema, wakicheka wote, kwamba watu wenu pesa mnaijua toka tumboni. Mtu mwema. Aliniletea keki siku yangu ya kuzaliwa. Sasa ungesema nini?"

Wairimu aliijua hali hiyo. Tangu sekondari alikuwa akisikia utani ule juu ya kabila lake, wa Mkikuyu aliyekufa, kwamba ukitaka kujua kama amekufa kweli dondosha shilingi karibu na sikio lake. Silvesta humtolea kila mwisho wa mwezi. Na kila mara Wairimu hucheka, kwa kuwa asiyecheka ndiye anayeonekana mbaya. Hakuwa amedhani kwamba huko kwa wazungu nako wamo watu wa kudondoshewa shilingi.

Alitaka kuuliza mengine mengi. Lakini ndipo alipokumbuka.

"Madam. Kuna watu wanakuja."

"Watu gani?"

"Wa kukaa na wewe. Nimewaita. Fatuma wa hoteli, Silvesta wa hapa chini. Na Twaha."

"Twaha wa basi?"

"Huyo."

Twaha alikuwa mtu wa kuongea. Asubuhi nzima redio ya basi ilikuwa yeye. Habari ya mwalimu mmoja kugombana na mumewe ilifika shuleni kabla ya mwalimu mwenyewe kushuka. Na kulikuwa na picha ya msikiti wa Al-Aqsa iliyoning'inia kwenye kioo chake cha mbele, ambayo Naomi alikuwa akiitazama kila siku kwa miaka miwili bila kusema kitu.

"Waambie wasije," akasema. "Tafadhali."

Wairimu alimpigia Fatuma. Nyuma ya simu sufuria ilikuwa inanguruma. "Wasije vipi?" Fatuma akauliza. "Pilau liko motoni, mwanangu. Mtu haahirishi kilio. Mwambie ajifunge kanga, tunakuja." Simu ikakatika.

Wakatazamana. Wairimu akasema polepole kwamba hakuna mtu humuuliza mfiwa dini yake. Watakuja, watasema pole, watakula, wataondoka. Kinachohitajika ni kutoa shuka kwenye kioo, kurudisha mito kwenye kochi na kuvaa nguo nyingine.

Naomi aliinuka akaenda sebuleni. Aliivuta shuka kwenye kioo, ikadondoka. Kioo kilikuwa kizima. Alisimama mbele yake akiwa na blauzi yake iliyochanwa, nyuzi za Wairimu zikining'inia kama ndevu, akajitazama muda mrefu kuliko mtu anavyojitazama akichana nywele. Kisha akaiokota shuka, akaifunika tena. Ilikuwa inateleza, Wairimu akamshikia upande mmoja.

"Nilimzika kwenye simu," Naomi akasema. "Bila sauti, sauti ilikuwa inakatika."

Akaenda kukaa chini.

Walikuja baada ya swala ya Ijumaa, kwa kelele zote ambazo mtu anayejua anakokwenda huwa nazo. Fatuma alitangulia, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya barabara, sufuria imefungwa kwa taulo. Alimkumbatia Naomi palepale sakafuni bila kuuliza kwa nini yuko sakafuni. Msibani watu hukaa chini, angekaa wapi. Twaha alikuja na kanzu yake ya Ijumaa na mkeka chini ya kwapa. Silvesta, aliyekuwa bado na sare kwa sababu zamu yake haijaisha, alishika mfuko wa plastiki wa bakala, duka dogo la chini ya jengo, na kuuficha nyuma ya mguu.

"Umeleta nini, Silvesta?" Fatuma akauliza.

"Kitu kidogo tu."

"Tuone."

Yalikuwa mayai. Mayai ya kuchemsha, yale anayowauzia masoja wenzake wakati wa kubadilishana zamu, na chumvi kwenye karatasi iliyosokotwa.

"Mayai," Twaha akasema. "Msibani."

"Ningeleta nini? Ng'ombe?"

"Hata mkate, kaka. Mkate. Nani ameona mayai matangani? Unamfariji mtu au unampeleka safari ya treni?"

"Wacha aseme," Silvesta alimwambia Wairimu. "Huyu hata sukari hajaleta."

Walikuwa wakizungumza Kiingereza kwa ajili ya mwenye msiba, na Kiswahili walipotaka kuchambana. Fatuma alipakua pilau, akamwomba Naomi radhi kwamba lina nyama, akakumbuka Wairimu aliwahi kumwambia kwamba Madam hali nyama iliyopikwa na watu wengine, akamwekea wali wa juu. Wakati anamkabidhi sahani ndipo alipoiona blauzi vizuri. Alirudi jikoni, akamvuta Wairimu kiwiko.

"Nani kamchania nguo?"

"Hakuna, Fatuma."

"Usinifiche. Mwanamke anaishi peke yake, nguo imechanwa kifuani, uzi unaning'inia, kioo kimefunikwa asijione uso. Mimi nimezaliwa leo? Kuna mwanaume. Ni yule mkubwa wa shule aliyemnyima ruhusa?"

"Si hivyo."

"Twaha," Fatuma aliita, na sasa hakunong'ona. "Hebu njoo. Huyu binti kapigwa."

Twaha alikuwa amesimama tayari. Silvesta naye akakaza mkanda. Pale ndipo Naomi, ambaye hakujua Kiswahili ila alijua watu wakisimama namna ile maana yake nini, alipoinua mkono.

"Hakuna aliyenigusa," akasema. "Nimeichana mwenyewe. Ni mila yetu. Sisi ni Wayahudi."

Kijiko cha mtu kiligonga sahani. Twaha alikaa tena, polepole, na kuweka bilauri yake chini mbali na yeye.

Fatuma ndiye aliyepona kwanza, kwa kuwa alikuwa na la kuuliza. "Ndiyo maana mlizika kesho yake?"

"Ndiyo. Maiti hangojeshwi."

"Mlimwosha?"

"Walimwosha. Wakamvika sanda nyeupe, haina mfuko. Tajiri na maskini sawa."

"Sanda," Fatuma alirudia, akamtazama Wairimu na Silvesta kama mtu aliyepata shahidi katika kesi ya siku nyingi. "Mmesikia? Sio nyie, mnamvisha maiti suti na viatu, anakwenda kwenye usaili."

Silvesta aliuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani. Fundi wa miwani, Naomi akasema. Alikuwa na duka na jina lake juu ya mlango, na mara moja moja akifungua asubuhi alikuta mtu amechora kitu kwa rangi kwenye kioo. Alikisugua kabla wateja hawajafika. Akiulizwa alisema ni watoto. Na Jumamosi alikuwa soja.

Silvesta alisogea. "Soja wa wapi?"

"Wa sinagogi, nyumba yetu ya ibada. Wanapeana zamu. Anavaa koti la kung'aa, anasimama mlangoni wenzake wanaposali."

"Na redio?"

"Na redio. Aliipenda ile redio kuliko sala."

"Anakagua mifuko?"

"Mifuko, na anatazama magari yanayopunguza mwendo."

Silvesta alitikisa kichwa kwa heshima ya mtu wa kazi moja. "Kuna gari likipunguza mwendo, unafaa kusimama nyuma ya nguzo. Alikuwa anasimama nyuma ya nguzo?"

"Sijui," Naomi akasema. "Sikumwuliza." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu waingie, macho yalimjaa.

"Lakini hapo ni Uingereza," Wairimu akasema. "Huko si kwenu?"

"Babu yangu alizaliwa Leeds. Baba alizaliwa Leeds, mimi nimezaliwa Leeds. Watu wananiuliza natoka wapi, nasema Leeds. Wananiuliza, hapana, kabla ya hapo."

Twaha alisafisha koo. Alikuwa hajala.

"Mimi nina swali, Madam. Na wale watoto wa Gaza?"

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Wairimu alitamani mtu afanye hivyo, na papo hapo alitaka kulisikia jibu.

"Naona unachokiona," Naomi akasema. "Nazima televisheni, nawasha tena. Kiangazi kile cha vita vya Gaza mzazi mmoja alinisimamisha langoni mwa shule Leeds. Nimeshika mwavuli na madaftari ya darasa la nane. Akanitaka nimjibu. Mbele ya wanafunzi wangu. Sikujua nimjibu kama nani. Sikupiga bomu, sikuipigia kura serikali ya nchi ile, nimefika kule mara moja, kwenye harusi."

"Hilo si jibu."

"Si jibu. Najua."

Twaha aliinuka, akasema anakwenda kuswali alasiri, akatoka. Mkeka wake aliuacha. Walisikia lifti ikishuka.

Naomi hakumfuata kwa macho. Alikuwa anatazama mfuko wa Silvesta. "Naomba yai," akasema.

Silvesta alimchagulia kubwa, akalimenya mwenyewe. Naomi alilishika kiganjani bila kula.

"Mtu akitoka kuzika, chakula cha kwanza hakitoki jikoni kwake," akasema. "Majirani ndio hukileta. Na kinatakiwa kiwe cha mviringo. Mayai. Mama yangu alipokufa, jirani alileta mayai. Jana nilichemsha moja, nikashindwa kulila, kwa sababu nililichemsha mwenyewe."

Akauma yai, akalia, akatafuna. Fatuma alimsukumia karatasi ya chumvi. Silvesta alikaa wima kama mtu anayepigwa picha, na kwa heshima ya marehemu hakusema neno lolote kuhusu mkate.

Fatuma aliuliza kama kuna dua ya kumsomea mzee. Naomi akasema ipo, lakini haisomwi mpaka wapatikane Wayahudi kumi.

"Tuko wanne," Silvesta akasema. "Nikiita masoja wa jengo la pili tunafika."

"Hata mngekuwa mia, hamhesabiki."

"Mimi hata sensa ya nyumbani walinipita, Madam. Nimezoea."

Wairimu alishuka. Alikuwa amengoja lifti irudi na Twaha, na haikurudi naye. Alimkuta ndani ya gari lake dogo lililoegeshwa kando ya bakala, kioo kimeshushwa, funguo mkononi.

"Ulijua?" Twaha akauliza.

"Nimejua leo asubuhi."

"Mbona hukuniambia kabla sijapanda?"

"Ungekuja?"

Twaha alizungusha funguo kwenye kidole. Mpakistani wa bakala alitoka kumwaga maji, akawatazama, akarudi ndani.

"Sijui," Twaha akasema. "Ndiyo maana nimekasirika. Miaka miwili nampeleka huyu mtu. Kila asubuhi ananiuliza mama yangu anaendeleaje na mguu. Hata wewe hujui kama mama yangu ana mguu."

"Utasema shuleni?"

"Kwani mimi redio?"

Wairimu alimtazama tu.

"Sawa, mimi redio," Twaha akasema. "Lakini kuna vituo havishiki." Akawasha gari, halafu akalizima. "Wanakaa siku ngapi hawa?"

"Saba."

"Basi Jumapili shule ikifunguliwa simpitii. Nitawaambia kafiwa, yuko matangani. Hilo tu, khalas. Wakiuliza la zaidi, mimi dereva." Alifungua mlango kidogo, akaufunga. "Swali langu lakini liko palepale, Wairimu. Umwambie liko palepale."

"Mwambie mwenyewe."

"Nitamwambia. Akirudi kwenye basi." Alinyoosha shingo kuangalia ghorofa ya tatu. "Na mkeka wangu uacheni huko. Watu watakuja tena kesho, watakalia nini?"

Wairimu aliporudi juu, Fatuma na Silvesta walikuwa wanaosha vyombo wakibishana kuhusu suti za maiti, na jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo. Alimweleza Naomi maneno yote ya Twaha, lile la Jumapili na lile la swali, bila kupunguza. Naomi alisikiliza.

"Ana haki ya kuuliza," akasema. "Na mimi nina haki ya kufiwa." Akaomba radhi kwamba lazima sasa abadilishe nguo. Sabato inaingia, na Sabato mtu haombolezi mbele za watu hata kama ameungua ndani. Kesho jua likizama ataivaa tena iliyochanwa.

Alitoka chumbani na gauni la bluu. Aliwasha mishumaa miwili juu ya kaunta, ile ambayo Wairimu alikuwa ameikwangua nta yake kila wiki akidhani ni ya harufu, akafunika macho kwa viganja na kusema maneno. Fatuma alitoa kichwa jikoni kutazama, taulo mkononi.

Shingoni mwa Naomi, juu ya gauni, kulikuwa na mkufu mwembamba wenye nyota, ambao Wairimu hakuwahi kuuona.

Blauzi ilikuwa imerudi kwenye kiti cha jikoni. Wairimu aliichukua, akakaa nayo chini karibu na taa. Vipande vya uzi wake bado vilikuwa vimeng'ang'ania pande zote mbili za mpasuo, vidogo, imara, kazi ya kujivunia. Akachomoa sindano kwenye kola ya nguo yake mwenyewe, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, taratibu, asiguse kitambaa.